Shokapu zilizopakwa rangi, na barua niliyoletewa nisaini

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa mjini na wa porini.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Karibu miaka miwili sasa. Leo nimekuja makusudi hapa internet cafe Karatu niyatoe.

Nilikuwa driver-guide wa kampuni moja ndogo ya safari. Gari langu lile refu la kufungua paa.

Wanaoijua njia wanajua, lami inaishia kwenye geti la hifadhi. Ukimaliza ukingo wa kreta ukaanza kuteremka kuelekea Serengeti, barabara ni vituta vidogo vidogo mpaka meno yanagongana.

Sisi madereva tuna utani wetu. Mgeni akilalamika unamwambia, "African massage, free of charge!" Wanacheka, safari inaendelea.

Siku hiyo nilimbeba mama mmoja wa Kizungu, umri wa mama yangu mzazi, pamoja na mumewe. Gari lilikuwa linaruka kupita kawaida. Nikikanyaga breki pua inainama, nikiingia shimo linanesa mara nne, tano. Mama akaniuliza mara mbili kama gari ni zima. Mimi na akili zangu nikamjibu African massage.

Mara ya tatu hakuuliza. Tuliingia kikorongo, akarushwa juu, kichwa kikagonga chuma cha paa. Nikageuza gari mpaka Karatu hospitali, akavishwa kola ya shingo. Hapo najilaumu mwenyewe, msinitetee.

Kesho yake bosi akaniita. Ni mtu wa kwetu Kilimanjaro, huwa tunaitana meku. Hakuuliza chochote.

"Meku, umekimbiza gari. Mgeni ameumia kwa mwendo wako."

Nikamwambia sikufika hata hamsini, akague shokapu. Kwa wasiojua, ni yale mabomba yenye mafuta kwenye kila tairi, yanayotuliza springi gari lisinesenese. Akasema ni mpya, garage yake imezifunga mwezi uliopita. Nirudishe ufunguo, nikae nyumbani kwanza.

MPYA!

Kabla ya kurudisha huo ufunguo nikalipeleka gari kwa fundi Gwandu, Mwiraqw mmoja mpole mwenye banda lake nje kidogo ya mji.

Gwandu akakandamiza bonneti kwa nguvu, akaachia. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja likatulia. Langu likaendelea kunesa kama kitanda cha gesti. Tukaliendesha nusu saa kwenye vumbi, tukarudi, akaingia uvunguni.

"Kaka, njoo ushike, polepole usiungue," akaniita. "Shokapu inayofanya kazi lazima ipate moto. Sasa hii sikia."

Nikashika. Zote nne zilikuwa baridi kabisa.

Akafungua moja, akasukuma fimbo yake kwa mkono. Ikaingia bila ubishi wowote, ikabaki humo humo. Halafu akakwangua pembeni kwa bisibisi. Rangi nyeusi ikabanduka, chini yake kutu na mafuta yaliyogandana na vumbi.

"Hii ni bibi kizee, kaka. Wamempaka wanja tu."

Nikaibeba ile shokapu mpaka mezani kwa bosi, nikaitua juu ya makaratasi yake.

Wakuu, hakushtuka. Eti, "Najua. Tungebadilisha high season ikiisha, wageni wakipungua."

Alijua! Mtu anajua amempa dereva gari bovu abebe watu, halafu anamwita mkimbiza magari machoni pake!

Akaagiza shokapu mpya nne kutoka Arusha. Gwandu akazifunga zote, maana hizi hubadilishwa kwa jozi, ukiweka moja mpya na moja nzee gari linayumba. Nikalijaribu, likatulia vizuri mno. Nikajua haki yangu imepatikana.

Kumbe bado. Bosi akanisogezea barua ya Kiingereza ya kwenda kwa agent wa Ulaya anayetuletea wageni. Imeandikwa kwamba mimi dereva nakiri nilizidisha mwendo.

"Meku, hatuwezi kuwaandikia kwamba gari letu bovu, tutakosa wageni wote. Wewe saini yaishe. Kazi yako ipo."

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Ushahidi ninao, fundi shahidi ninaye.

Nilisaini.

Hazikupita wiki tatu agent akajibu kwamba wageni wake wasibebwe tena na dereva huyu. Bosi akanisomea kwa sauti, akasema hana la kufanya. Kwa hiyo kwenye gari lile vilibadilishwa vitu vitano, shokapu nne na dereva.

Madereva wenzangu, gari likinesa usicheke na mgeni. Simama, ingia uvunguni, shika kwa mkono wako. Na neno "mpya" la bosi likwangue kwanza.

Ila kazi nilipata nyingine, siyo inayoniuma. Linaloniuma ni yule mama. Huko kwao amepelekewa karatasi yenye saini yangu, na mpaka leo anaamini niliyemuumiza ni mimi na papara zangu.

Nawaza kumwandikia ukweli, mwaka wa pili huu, nashindwa pa kuanzia. Wewe ungeanzaje? Semeni, hata wa kunitukana kwa kusaini nampokea.