Nilimrekodi msichana niliyemfundisha kuvua samaki, sasa ananiuliza ni nani alimfanyia hivyo

Admin, nisitiri tafadhali, na majina nimebadilisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka 43, fundi wa kuchomelea mageti hapa Mwihoko, nina mke na watoto wawili. Sinywi pombe, sivuti. Starehe yangu ni moja tu: Jumapili tukitoka kanisa naenda upande wa Gatuanyaga, kwa bwawa la mzee mmoja, kuvua samaki na ndoano. Hatuwali. Mwenye bwawa anataka ukishika samaki umrudishe majini akiwa mzima.

Kwa ploti yetu ya nyumba za kupanga kuna msichana nitamwita Ciku. Ana miaka kumi na nane, alimaliza form four, anangoja kuingia college huko Thika. Anaishi na mamake anayeuza mboga soko ya Githurai 45. Baba hayuko. Alikuwa anashinda kwa nyumba amenyamaza tu, mpaka mamake akaniambia, "Baba Njeri, si uende na huyu mtoto huko kwa samaki wako? Nitamfungia hapa mpaka lini?" Nikawa naenda naye pamoja na watoto wangu. Nilimfundisha kuweka chambo, kurusha uzi, kungoja. Aki huyo mtoto alianza kucheka tena. Lakini kumshika samaki na mikono bila kumuumiza sikumfundisha. Alikuwa anapata wadogo, na mimi ndiye nilikuwa namtolea ndoano.

Jumapili moja nilikuwa ng'ambo ya bwawa, watoto wangu wako kivulini wanakula mandazi, nikasikia Ciku amepiga nduru. Ameshika tilapia mkubwa, mkubwa kuliko wangu wowote wa mwaka huu. Akamvuta mpaka kwa vumbi. Akamkanyaga na kiatu ndio atoe ndoano. Akaingiza vidole kwa matamvua, pale samaki hupumulia, akamwinua juu akijipiga picha, huku anacheka. Alikaa naye nje muda mrefu sana.

Bwawa si pana. Ningepaza sauti tu, "Ciku, lowesha mikono! Mshike chini karibu na maji!" angenisikia. Badala yake nilitoa simu nikarekodi. Nimejiuliza kwa nini mpaka nimechoka. Kwa group yetu ya wavuvi tulikuwa tunalalamika kila siku kuhusu vijana wanaoua samaki, na nafikiri nilitaka kuonekana mimi ndio najua.

Alipomrudisha, samaki alielea tumbo juu. Ciku akaniita, "Uncle, mbona amelala hivyo?"

Nikamwambia, "Amechoka tu, ataamka."

Tukingoja gari ya kurudi, nikatuma ile video kwa group: "Vijana wa siku hizi na samaki, angalieni." Wazee wakacheka. Nikacheka pia. Ciku alikuwa amesimama kando yangu ananionyesha picha zake.

Jumanne ilikuwa imetoka nje ya group. Mtu ameiwekea muziki na maandishi makubwa, MUUAJI WA SAMAKI. Maelfu ya watu. Mwanzo walikuwa wanaongea juu ya samaki, halafu wakaacha samaki wakaanza nguo zake, meno yake, mwili wake. Mteja mmoja alimwonyesha mamake hapo sokoni akimuuliza, "Si huyu ni wako?"

Nilifuta kwa group, lakini ilikuwa bure. Nilimpigia yule aliyeitoa nikimbembeleza. Akaniambia, "Boss, hiyo imetoka mikononi mwangu kitambo." Niliripoti, ikaondolewa mahali pamoja, ikatokea pengine pengi. Ciku haendi kanisa. Haendi bwawani. College anasema haendi, eti hata huko Thika wameshamwona.

Mke wangu anajua. Aliniambia, "Enda useme mwenyewe kabla hawajajua." Nikaenda. Mamake Ciku akanikaribisha, akanipa chai, akaanza kulia. "Wewe ndio umebaki kama baba kwa huyu mtoto. Nisaidie kumtafuta mtu aliyemfanyia hivi." Nilikuwa nimeandaa maneno yote. Nikanywa chai nikamwambia nitatafuta.

Jumamosi iliyopita Ciku alikuja kwa karakana yangu, mara yake ya kwanza kutoka nje ya geti tangu hiyo siku. Akanionyesha video kwa simu.

"Uncle, nimeiangalia mara mingi. Makosa nimeyaona. Sikulowesha mikono, nilimkanyaga, nilimweka nje sana. Nimesoma hadi nikajua. Lakini si huyo mtu angeniambia tu? Ningemsikiza."

Akaendelea, "Alikuwa ng'ambo. Si ni pale ulikuwa umekaa? Hukuona mtu?"

Nikasema, "Sikuona mtu."

Aliniangalia kitambo, akasema, "Ni sawa, uncle," akageuka akaenda. Sijui kama anajua. Tangu hapo nikimsalimia ananijibu vizuri tu, na hiyo ndio inanimaliza.

Ndugu zangu, nikimwambia, nitakuwa nimemnyang'anya mtu wa mwisho aliyekuwa anamwamini, na mamake hatanisamehe. Nikinyamaza, mtoto anaacha masomo kwa sababu yangu na mimi namwangalia. Hata nikikiri, hiyo video haitarudi. Nyinyi wazazi, na nyinyi vijana ambao mmewahi kuanikwa mtandaoni, niambieni: mngetaka aliyewafanyia aje mlangoni aseme, ama akae mbali? Nitasoma kila jibu. Na kama mmeshaiona hiyo video, nawaomba, msimtumie mtu mwingine.