Wegesa, sauti inayoshinda mashine ya Morotonga

Saa mbili asubuhi mashine ya kusaga inanguruma Morotonga, wilayani Serengeti. Wegesa Nchagwa, nyusi nyeupe kwa unga, anamimina mahindi huku akifoka mashairi. Wateja wamemzoea. Mgeni anaduwaa, maana sauti yake inasikika juu ya mashine.

Wegesa (27) analipwa Sh5,000 kwa siku. Jioni ni mwimbaji na mtunzi wa bendi ya Chenga, inayopiga panki, roki ya magitaa makali na mashairi yasiyobembeleza mtu. Muziki huo aliukuta kwenye simu ya Lusekelo, muuguzi aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya, ambaye sasa ndiye mpiga ngoma wake.

"Nikamwambia, mbona hawa wanaimba kama mimi mashineni?" anacheka.

Miaka sita alitungia pale kwa sababu kelele ilimficha. Shairi moja lilimhusu dada yake, Robi, aliyeozwa akiwa na miaka kumi na minne, akafariki akijifungua. Nyumbani jina lake halikutajwa tena.

Machi mwaka jana umeme ukakatika katikati ya mstari. Foleni nzima ikasikia: "Robi, ng'ombe kumi na wawili wameshiba majani, wewe umeshiba udongo!"

Kwenye foleni alikuwamo baba yao, mzee Nchagwa, aliyewapokea ng'ombe hao wa mahari. Alibeba debe lake la mahindi bila kusaga, akaondoka.

"Nikajua kwa baba sina pa kurudi," anasema Wegesa.

Wiki tatu hawakusemezana. Wegesa akaamua shairi hilo halitaimbwa tena.

Ndipo mzee akarudi na debe lilelile, akasubiri mashine izimwe. Binti akampa shikamoo. Mzee akaitikia, akalitua debe.

"Walikuwa kumi na watatu," akasema. "Mmoja niliwaficha ndugu zangu, hata mama yako hajui. Ukiimba, wataje wote."

Mzee wa Kikurya, mbele ya foleni ya watu, amekiri jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Desemba hii Chenga itapiga uwanjani Mugumu, na Wegesa anataka shairi la Robi liwafikie wazazi wenye mabinti wadogo. Mzee Nchagwa ameshaomba kiti cha mbele.

"Nikikosea hesabu ya ng'ombe," anasema Wegesa, akiiwasha mashine, "baba mwenyewe atasimama anisahihishe."