Vidole Vinne Begani

Mjini walimwita Mama Chozi, na hakuna jina alilolichukia kama hilo. Alikuwa fundi cherehani, mcheshi, mwenye mdomo wa kumchamba mtu akachambika. Lakini siku alipovuka mpaka na mumewe na binti yao, mpiga picha wa gazeti alimkuta akilia, akabonyeza. Picha ikazagaa kwenye mabango ya michango, kwenye kalenda, mpaka kwenye ukuta wa benki: mama peke yake na mtandio mchafu.

Peke yake! Mumewe alikuwa nyuma yake, binti mgongoni, mkono begani mwa mkewe. Gazeti lilimfuta, maana mkimbizi mwenye mume hawaumizi watu roho. Ila aliyemfuta alilipua kazi, akasahau vidole vinne begani. Watu wakadhani ni mikunjo ya mtandio.

Mume naye alipewa picha yake, na mpiga picha yuleyule. Wiki ileile alitokea gazetini, kwenye lango la mpaka, katikati ya wanaume wengine, mdomo wazi, na juu yake maandishi makubwa: "Wanakuja." Alikuwa muuguzi. Kila hospitali alikoomba kazi walimtazama mara mbili, wakasema watampigia. Hawakupiga. Akaishia kubeba magunia sokoni.

Kisha wakaja wakimbizi weupe, wa vita vingine. Gazeti lilelile likawaandika majina na kazi zao, na wanaume wao likawaita akina baba. Hata paka wao alitajwa jina.

"Paka!" fundi alisema, akikata uzi kwa meno. "Mume wangu hajafika hata cheo cha paka!"

Basi siku moja mhariri wa gazeti akapiga simu. Picha imepata tuzo, sherehe itarushwa moja kwa moja kwenye televisheni, aje asimame na mpiga picha.

"Na uje na ule mtandio, mama."

"Ule nafutia mafuta ya cherehani."

"Hata kama. Ndivyo watu wanavyokujua."

Akakubali kwa sauti ya asali. Alipokata simu alicheka mpaka binti akaogopa. Donge lake la miaka lilikuwa limepata pa kutokea. Akashona gauni jekundu, akapiga pasi sare nyeupe ya mumewe.

"Mke wangu, tuyaache haya," mume alisema.

"Wewe vaa tu."

Ukumbini picha ilikuwa kubwa kama mlango wa gereji. Mpiga picha alieleza jinsi alivyoguswa na mwanamke yule mpweke, watu wakapangusa macho. Fundi akachukua kipaza sauti.

"Baba watoto, panda huku. Weka mkono hapo begani, kwenye picha."

Mkono ukakaa juu ya vile vidole, ukalingana navyo.

"Huyu ndiye upweke wangu," alisema. "Ni muuguzi. Pale langoni, kwenye picha ya "Wanakuja", alikuwa anapiga kelele watu wapishe, kuna mama anajifungua. Na huyu mpiga picha alisikia, maana mtoto alizaliwa miguuni pake. Muulizeni!"

Kamera zikamgeukia mpiga picha. Akamtafuta mhariri kwa macho, na mhariri alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Fundi alimwangalia mpiga picha akitota jasho na akaona raha, raha ya maji baridi kooni.

Hospitali ilipiga simu wiki hiyohiyo. Asubuhi moja mume alipokuwa akitoka kwenda kazini, mpiga picha akaingia kibandani kwa fundi bila kamera.

"Mama, wamenifukuza. Kila ninakopita naitwa mwongo. Waambie basi hatukuelewana."

"Msamehe, mke wangu," mume alisema mlangoni. "Mimi yamekwisha."

"Yako yamekwisha. Yangu bado."

"Lakini mama, kazi si amepata?" mpiga picha akauliza.

"Amepata. Lakini binti yangu amekua akivuka barabara ili wenzake wasimwone na baba yake, kwa ajili ya ile picha ya langoni. Baba aliyembeba mgongoni nchi nzima! Nirudishie hiyo, halafu tuongee."

Mume hakuwa akilijua hilo. Alisimama na mfuko wake mkononi, akamtazama mpiga picha kwa mara ya kwanza bila huruma, kisha akaondoka.

Mpiga picha akaendelea kubembeleza. Fundi akakanyaga pedali, cherehani ikanguruma juu ya sauti yake, naye akashona mkono wa shati mpaka mwisho bila kuinua macho.