Kisahani Nilichokifunua kwa Wivu

Naitwa Oswald. Nimeombwa niwaeleze ninyi mnaoanza kazi ya maabara jinsi nilivyougua nikapona. Nitaeleza. Lakini ugonjwa wangu siwezi kuueleza bila kumtaja binti mmoja anayeitwa Gaudensia, na Gaudensia siwezi kumtaja bila roho kuniuma kidogo, hata sasa nikiwa na mvi. Mnivumilie.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu mwenye afya yake. Asubuhi nalima maharage, saa mbili niko kazini, Jumapili naimba besi kanisani. Nilikuwa fundi wa maabara ya mifugo hapa Sumbawanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na sifa yangu kubwa ilikuwa pua. Aliyenifundisha kazi alisema fundi aliyekomaa hahangaiki na vitabu: anafunua kisahani kilichooteshwa vimelea, ananusa, anakuambia ni nini. Kimoja kinanuka udongo uliolowa mvua, kingine kinanuka maua yaliyooza. Watu walikuja na visahani vyao wakisema, "Mpelekeeni mzee Oswald anuse."

Gaudensia alikuja pale akitokea Katandala, amemaliza kidato cha nne, akaanza kwa kuosha chupa. Mimi ndiye niliyemfundisha kutumia darubini. Kila asubuhi alinipigia goti kidogo: "Shikamoo, mzee Oswald." Nami nilimpenda, wakati ule akiwa chini yangu.

Ikaja miaka ile ya serikali kupunguza wafanyakazi. Dawa za mifugo zilihamia kwenye maduka ya watu binafsi, na mimi nikahamia nyumbani na barua yangu. Gaudensia alibaki. Miaka miwili baadaye chuo kikuu kimoja kilileta utafiti. Ng'ombe wa wafugaji waliohamia huku kutoka Usukuma walikuwa wanatupa mimba, kuanzia Mwazye mpaka Namanyere, na mtafiti mkuu, ambaye tulimwita Dakta tu, alitaka kujua kama ugonjwa ule, brusela, umeshawaingia na watu wa huku. Akanirudisha kazini kwa mkataba. Nilitembea mjini kifua mbele.

Sasa, chuo kile kilikuwa na kamati ya usalama. Utafiti wenye kimelea cha hatari hauanzi mpaka kamati iridhie nani atakigusa, katika chumba gani, na maji machafu yatakwenda wapi. Wakaja wawili, mama mmoja mfupi mwenye miwani na mwenzake wa kuandika. Walikagua mabomba na madirisha, wakaliwasha lile kabati la kioo linalovuta hewa ndani ili kimelea kisimrukie mtu usoni. Kisha wakatuhoji mmoja mmoja.

"Mzee, unatambuaje kwamba vimelea vimeota?" mama aliniuliza.

"Kwa pua, mama," nilijibu, nikaigusa. "Miaka ishirini sijakosea."

Wakatazamana. Yule mwenzake akaandika mistari mitatu mizima, nami nikaamini ananisifu.

Gaudensia alipoulizwa alisema, "Sifungui kitu nje ya kabati. Nisipojua, nauliza." Nikamhurumia. Nilisema moyoni, mtoto wa watu amefeli.

Kibali kilipokuja kilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha ndani. Wanaoruhusiwa kufungua visahani: Dakta na Gaudensia. Jina langu lilikuwa chini, pamoja na kazi zangu: kupokea damu, kuandika lebo, kuchemsha vyombo kabla ya kuvitupa. Chini kabisa waliandika kwa herufi kubwa, MARUFUKU KUNUSA. Kila aliyepita aliusoma mstari ule, kisha akanitazama mimi.

Sikujiuliza nilisema nini mbele ya wale watu. Nilijua tu kwamba binti amenisengenya.

Wivu ulinila vibaya, ndugu zangu. Koti lake jipya jeupe liliniudhi. Ufunguo wa chumba cha ndani aliuvaa shingoni kwa kamba, na ukigongana na vifungo vya koti nilisikia kama ananicheka. Akicheka na Dakta, niliacha chai yangu nikatoka nje. Hata shikamoo yake ikawa inanichoma, nikiona ananikejeli. Mke wangu, Yustina, alichoka.

"Leo tena Gaudensia?" alisema. "Baba Patrisi, mbona unamtaja huyo binti kuliko unavyowataja wanao?"

Siku moja vilikuwepo visahani vya ng'ombe mmoja wa Mwazye aliyetupa mimba. Siku ya tano tangu vioteshwe, mchana, gari lilileta damu nyingine, mimi nikiwa nachemsha vyombo, Gaudensia akatoka mbio kuipokea badala yangu akauacha ufunguo mlangoni. Nikaingia. Sikuwa na nia ya kuharibu. Nilitaka kujua kabla yake, basi. Nikakitoa kisahani kwenye kabati la joto la kuoteshea vimelea, nikakiweka juu ya meza dirishani, nikafunua kifuniko. Vidoti vidogo vilikuwa vimeota, vinang'aa kama umande. Nikainamisha uso nikanusa. Mara ya kwanza sikupata vizuri, nikanusa tena, nikavuta hasa. Kisha nikafunika, nikarudisha, nikatoka kuchemsha vyombo vyangu.

Tulipokula nikamwambia Dakta, "Kile cha Mwazye, mimi naona ndicho chenyewe."

Dakta akacheka. "Umeanza utabiri, mzee?"

Gaudensia hakucheka. Alinitazama mpaka nikainama kwenye ugali. Siku tatu baadaye vipimo vyao vikathibitisha nilichosema, na sijawahi kulala usingizi mtamu kama wa siku ile.

Wiki ya tatu nikaanza kuumwa. Ilikuwa Juni, na mnajua baridi ya huku. Kila ikifika jioni homa inapanda, meno yanagongana. Alfajiri homa inashuka na jasho linatoka mpaka Yustina anakamua shuka, jasho lenye harufu ya majani yaliyovunda. Mchana nakaa mzima, nasema nimepona. Jioni inarudi. Nikanunua dawa za malaria dukani. Nikanunua tena. Zahanati wakasema taifodi, nikanywa za taifodi. Mgongo ukaanza kuuma chini kiunoni, nikashindwa kuinama kufunga viatu. Nikakonda, suruali nikaifunga kwa kamba. Kisha korodani moja ikavimba ikawa kubwa kama parachichi, ikiguswa na shuka tu nalia. Nilimficha mke wangu jambo hilo siku nne. Mtu mzima, nimelala nimepanua miguu kama mama aliyetoka kujifungua, nasema ni mgongo.

Nikalazwa. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mkulima," nikasema.

Sikusema uongo wote, shamba ninalo. Lakini nilijua anachouliza. Mtu aliyekaa maabara maisha yake yote anajua brusela inavyompata mtu. Tangu jasho la wiki ya kwanza nilijua. Lakini kusema ningesema nini? Kwamba kamati iliona sawa kunikataza? Kwamba yule binti alistahili ule ufunguo? Nikaona afadhali taifodi.

Siku ya tatu Gaudensia akaja wodini na daftari la maabara. Masharti ya kamati yalisema mfanyakazi yeyote akipata homa, aandikwe na kamati ijulishwe.

"Shikamoo, mzee. Pole sana." Akasogeza kiti, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, ulifungua kile kisahani?"

"Nani, mimi? Si mlinikataza?"

"Nakuuliza ili utibiwe."

"Wewe ndiye uliyelifuta jina langu, sasa unataka uandike nini?"

Akafunga daftari. "Jina lako mimi niliomba liongezwe. Niliwaandikia barua nikisema wewe ndiye mwalimu wangu. Wakajibu mpaka uache kunusa."

Ningeweza kulia pale. Badala yake nilimkasirikia zaidi. Hata wema wake niliuonea wivu. Nikageukia ukutani mpaka akaondoka. Bila kauli yangu alikuwa na shaka tu, hakuwa na la kumpelekea daktari.

Nyuma yake yalikuwa yanaendelea mengine. Kaka yangu, Kletus, alikuwa amekuja kutoka Namanyere kuniuguza. Mtu haponi, homa haitibiki, inakuja jioni na kuondoka alfajiri, na kabla ya kuugua alikuwa na ugomvi na binti wa kazini: kwa watu wetu hesabu hiyo haihitaji darubini. "Huyo binti amekutupia kitu," alisema. "Amechukua kazi yako, sasa anachukua na uhai." Mimi nikafumba macho. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na Kletus aliondoka na ukimya wangu akautembeza mjini. Mama yake Gaudensia alikuwa na genge la mboga pale Katandala. Wanunuzi wakaanza kuvuka barabara wasipite mbele yake. Yustina aliniletea habari hizo akidhani zitaniudhi, na mimi, Mungu anisamehe, zilinipunguzia maumivu.

Wiki iliyofuata daktari alikuja na picha ya mgongo. Akasema pingili mbili zimeanza kuliwa, anadhani ni kifua kikuu cha mifupa, na nikizidi hivi watanipeleka Mbeya. "Lakini kuna kitu hakikai sawa," alisema. "Mzee, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama kuna jambo hujaniambia, niambie." Kletus alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Akadakia kabla yangu, "Daktari, hili si la hospitali. Kesho tunakwenda kwao Katandala, tumeshakuwa watu wengi. Atakitoa mwenyewe alichokiweka."

Nilijua maana ya watu wengi kwenda nyumbani kwa mtu kwa jambo kama hilo. Mnajua na ninyi. Nitasema ukweli wote: kwa kitambo kidogo nilifurahi. Niliuona ule mlango wa chumba cha ndani bila jina lake. Kisha nikaona kwamba hawaendi kufuta jina mlangoni. Mimi nilitaka aondoke kwenye ile kazi, sikutaka aondoke duniani.

"Daktari," nikasema, "mimi si mkulima."

Nikasema yote, kisahani, dirisha, pua, mara mbili. Nikafunua na shuka nikamwonyesha ule uvimbe mbele ya kaka yangu. Daktari hakunigombeza, aliandika haraka, akamtuma muuguzi kwa Dakta na Gaudensia. Damu yangu ilipimwa siku ileile. Ilikuwa brusela, kama ya ng'ombe wa Mwazye.

"Kwa hiyo hukurogwa?" Kletus aliuliza.

"Nilijiroga," nikamwambia. "Nenda ukawazuie watu wako."

Alikwenda, akawazuia. Nilidungwa sindano za streptomaisini kila siku mpaka makalio yakawa magumu kama ubao, na vidonge vya doksisaiklini nilimeza wiki sita, kichefuchefu asubuhi na jioni. Wiki ya pili, nimesharudishwa nyumbani, jioni ilifika nikaisubiri homa, haikuja. Nikaisubiri tena kesho yake. Yustina alilala kwenye shuka kavu akalia. Mgongo ulichukua miezi. Ile korodani ilinywea, haikurudi kama ilivyokuwa, na sioni haya kuwaambia.

Kamati ilisimamisha utafiti, ikaja tena. Yule mama mwenye miwani aliniuliza maswali mengi bila kunitukana, na mkataba wangu ukaishia hapo. Wakaweka sharti kwamba ufunguo ule usiachwe mlangoni hata kwa dakika moja, kazi ikaendelea. Gaudensia alionywa kwa ajili ya ufunguo, kwa kosa ambalo nusu yake ni yangu. Baadaye wakampeleka kusoma. Leo yeye mwenyewe anakaa kwenye kamati kama ile, anakwenda kukagua maabara za watu. Nilipoambiwa habari hiyo nilishindwa kumaliza chakula.

Nilipoweza kutembea nilikwenda Katandala na Kletus, mchana, watu wakiona. Nikasimama mbele ya lile genge, nikasema kwa sauti kwamba binti wa nyumba hii hakunifanya lolote, ugonjwa niliutafuta kwa pua yangu, na nilinyamaza nikijua. Majirani walisogea kusikiliza. Mama yake alikuwa anafunga mafungu ya mboga. Alimaliza fungu alilokuwa nalo ndipo akaniangalia.

"Mzee Oswald, mimi nilikuombea kila siku upone," alisema. "Usidhani nilikupenda. Ungekufa umenyamaza, mwanangu angebaki mchawi mpaka kaburini. Ni wewe tu uliyekuwa na uwezo wa kumtoa huko."

Nikamwomba msamaha. Akaniambia nikae, akanipa maji. Hakusema amenisamehe.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari kijana, na mke wangu aliyekamua shuka bila kunung'unika. Namshukuru Gaudensia, na nimesema hivyo mbele yake pia, meno yakiwa yameumana kidogo. Bado namwonea wivu. Wivu haukutibika na zile sindano.

Ninyi mnaoanza, kibali kilichobandikwa mlangoni kisomeni, na kama jina lenu halimo, ulizeni kwa nini kabla ya kuuliza nani. Daktari akikuuliza kazi yako, mtajie kazi yako. Na ikitokea umelala kitandani, watu wanamtaja mtu kwa ugonjwa ambao wewe unajua ulipoutoa, usifumbe macho kama mimi. Sema siku hiyohiyo, maana ukifa hakuna mwingine atakayejua.