Ofa ya Vizazi Vitatu

Siku ya kwanza kumwona Longinus alikuwa amesimama uani kwetu Kibondo, anahesabu chupa. Alikuwa amekuja kumposa dada yangu Winifrida. Mshenga wake yuko ndani na wazee, anapanga maneno mazuri, na mposaji mwenyewe yuko nje na kreti la soda alilolileta, anangoja watu wamalize kunywa. Mjomba alikuwa bado na nusu chupa mkononi. Longinus akamwambia kwa upole kabisa kwamba duka linafungwa saa kumi na moja, na chupa zisiporudi leo basi fedha yake ya chupa imekwenda. Mjomba akanywa kwa mkupuo mmoja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akarudisha chupa.

Baadaye dada aliniuliza nimemwonaje. Nikasema ni mtu mwangalifu. Mimi si mwanamume wa maneno. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa kwenye cherehani, na cherehani haimlazimishi mtu kuongea. Lakini ndoa ile ilinipa kazi ya kuongea ambayo sikuiomba.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawalali chumba kimoja hata nyumba ikiwaka moto. Mama yangu, Nizigiyimana, anashika mambo haya kuliko wengi. Hata neno hamwambii mkwe wake moja kwa moja. Longinus akienda Kibondo tunafuatana: mama anakaa chumba cha ndani, Longinus sebuleni, na mimi kizingitini kati yao. Mama anasema, "Mwambie mkwe karibu," nami namwambia mkwe karibu. Bila shaka amekwisha sikia, mlango uko wazi, ila adabu inataka asikie kutoka kwangu.

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa narudia maneno yao kwa kuyapunguza makali. Siku moja mama alisema, "Muulize kama ndizi hizi zilikatwa kwa ajili yetu au ziliokotwa." Nikageuka, nikasema, "Mama anashukuru kwa ndizi." Longinus akajibu, "Mwambie asijali." Ziliokotwa kweli. Alizikuta zimemwagika barabarani, lori likiwa limepata pancha.

Longinus ni mzaliwa wa Gwarama, na ni mtunza stoo wa shule moja hapa Kasulu, ambako na mimi nina cherehani yangu. Mshahara wake si mdogo na hanywi pombe. Ila kununua kitu kwa bei yake halisi kunamwuma kama jino. Sokoni anakwenda jua likishuka, nyanya zikianza kulainika. Kwa kinyozi alidai alipe nusu kwa sababu kipara chake kimefika nusu ya kichwa, na kinyozi alipokataa, akaanza kunyolewa na Winifrida. Watu wanamcheka, na yeye anawahurumia, maana anajua walilipa shilingi ngapi kwa mashati waliyovaa.

Mwaka jana akaona tangazo kwenye simu. Kuna mahali huko Dar es Salaam, njia ya Bagamoyo, panaitwa Kisiwa cha Nderemo. Si kisiwa. Ni hoteli yenye mabwawa, treni ya watoto, na bomba kubwa la kuteleza ambalo mtu anaingilia juu kama ghorofa tatu na kutokea majini. Watoto wake wanne waliona picha na hawakuzungumza kitu kingine tena. Winifrida alimwambia kwamba kama watoto hawataipata likizo hii moja, asimwombe tena amnyoe.

Basi Longinus akaingia kazini. Alianza mwezi wa kwanza kwa likizo ya mwezi wa sita. Alichagua kuingia Jumatatu na kutoka Alhamisi, maana mwisho wa wiki bei inapanda. Aliwapigia simu mara nne kwa majina manne tofauti, aone nani atapewa bei nzuri. Mara ya nne yule binti wa mapokezi alimwambia, "Karibu tena, Bwana Longinus."

Lakini alichokitafuta alikipata. Kulikuwa na ofa inayoitwa Vizazi Vitatu. Bibi au babu, wazazi na wajukuu wakija pamoja wanalipa nusu, yaani laki sita badala ya milioni moja na laki mbili, pamoja na chai ya asubuhi, kwa watu hadi wanane. Wazazi wa Longinus walikwisha fariki. Bibi aliyebaki alikuwa mmoja tu, na alikuwa Kibondo, chumba cha ndani.

Akaenda Kibondo mwenyewe, na mimi nyuma yake. Mimi nikakaa kizingitini kwangu. Akasema nimwambie mama kwamba wajukuu wake wanamlilia, kwamba ataiona bahari kabla hajafa, na kwamba atakuwa na chumba chake peke yake, na kitanda chake, na mlango unaofungwa kwa ndani. Mama akauliza kama chumba ni chake peke yake kweli. Longinus akasema kweli. Maneno hayo niliyarudia yote bila kupunguza hata moja, maana niliyaamini. Mama akakubali kwa sharti kwamba na mimi niende, la sivyo atakaa siku nne bila kusema na mtu. Longinus alipiga hesabu, akaona na mimi ndani bado tunatimia wanane. Akafurahi.

Nguo za kuogelea kule zinakodishwa kwa bei kali, kwa hiyo akaniletea jezi kuukuu za mpira alizonunua kwa fungu mtumbani, nizigeuze. Nilimshonea mama gauni refu la zambarau, mikono mirefu, lenye namba tisa mgongoni ambayo haikutoka hata nilipoikwangua.

Tulifika Jumatatu mchana. Mlinzi getini alituzuia na unga wa muhogo, maharage na lita tatu za mawese, akaviweka kwenye kibanda chake. Mapokezini tukampata binti mwenyewe wa simu, anaitwa Sophie. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio cha treni, na Longinus alimfundisha mtoto wake wa mwisho, Providence, aliyekuwa na miaka saba, aseme ana minne. Sophie akainama, akamwuliza ana miaka mingapi.

"Ya hapa au ya nyumbani?" Providence akauliza.

Sophie akaandika saba. Longinus akatazama dari.

Kisha tukaonyeshwa chumba. Kilikuwa kimoja. Kikubwa, sikatai, chenye vitanda vinane vimepangwa kama bweni, na choo kimoja chenye mlango wa kioo. Mama alisimama mlangoni akauliza chumba chake kiko wapi. Sophie, bila kujua anachokifanya, akasema hiki ndicho, bibi, ofa ni chumba kimoja kwa familia nzima, na keshokutwa kuna picha: bibi, mama na baba mnateleza kwenye boya moja, mmevaa nguo za maji, tunaiweka kwenye ukurasa wetu.

Mama alitandika mkeka wake kwenye korido. Akakaa akitazama ukuta, kanga imefunika kichwa chote. Nilijua anachokiona. Picha ile ingefika Kibondo kabla yetu, kwa sababu kila mwanamke wa jumuiya yake ana mtoto mwenye simu. Mama yangu huwaongoza wenzake kwenye sala, na ndiye huwafunda mabinti wanaoolewa jinsi ya kuheshimu wakwe. Angerudi amelala siku tatu chumba kimoja na mume wa binti yake na kumkumbatia kwenye boya. Asingefungua tena mdomo mbele ya watu.

Longinus akanivuta pembeni. Akasema tufunge shuka katikati, yaishe. Akasema mambo ya mila ni ya watu wasiojua ofa. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kama alijua tangu mwanzo. Akasema alisoma masharti yote mara mbili, kwani mimi namwonaje.

Mama akasema akiwa bado anatazama ukuta, "Pasikali. Mwulize mkwe kwa ajili yangu amepunguziwa shilingi ngapi."

Nikageuka. Nilikuwa na maneno laini tayari, kama kawaida. Nikasema, "Mama anauliza umepunguziwa shilingi ngapi kwa ajili yake."

Longinus alinitazama kama mtu aliyeona cherehani inaongea. Akajibu, "Laki sita."

"Mama, anasema laki sita."

"Mwambie ng'ombe wa mahari aliotuletea hawakufika hapo."

Nikamwambia hivyo hivyo. Winifrida, aliyekuwa anafungua mabegi, akaketi juu ya kitanda akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka, akasema mama akilala koridoni na yeye atalala koridoni. Sophie akasema kwa huruma kwamba bibi asipolala chumbani ofa inafutika, na bei inakuwa milioni moja na laki mbili. Hapo Longinus akashika mlango kwa mkono.

Karatasi ya masharti ilikuwa imebandikwa pale pale nyuma ya mlango. Mimi nasoma polepole, kwa kidole, lakini nasoma. Niliisoma mpaka mwisho wakati wao wanabishana. Nikamwuliza Sophie hapa palipoandikwa "mzazi mmoja au zaidi" maana yake nini. Akasema maana yake mzazi mmoja anatosha.

Nikasema dada yangu ni mzazi.

 Sophie akahesabu kwa macho: bibi yupo, mama yupo, wajukuu wapo. Akasema ofa inasimama. Longinus akasema na Pasikali je, naye ni mwanamume. Mama akajibu ukutani kwamba huyu ni mwanawe, alimwogesha yeye mwenyewe utotoni. Sophie akaeleza kwamba mtu mzima akitaka chumba chake nje ya ofa ni elfu tisini na tano kwa siku, bei ya kawaida. Hayo maneno matatu, bei ya kawaida, yalimaliza mjadala. Longinus alichukua begi lake, akasema ana binamu yake Mbezi ambaye hajamtembelea siku nyingi.

"Mwambie mkwe asalimie huko," mama akasema. Nikamwambia.

Siku ya kwanza mama alikaa kivulini akiwatazama watoto. Ya pili akaingiza miguu majini. Ya tatu akavaa gauni la zambarau, akapanda ngazi zote akiwa ameshika mkono wa Winifrida, na akatokea chini ya bomba kanga ikiwa shingoni, namba tisa mgongoni, akiuliza kama inaruhusiwa kurudia. Sophie akampiga picha pale, na picha hiyo ilifika Kibondo kweli. Wanawake wa jumuiya wameiona wote, na wakimwuliza mkwe alikuwa wapi, anasema aliheshimu.

Longinus alitukuta stendi Alhamisi. Binamu yake alikuwa amesafiri, akalala siku tatu kwa jirani wa binamu, na jirani akamtoza. Safari nzima alikaa kiti cha mbele bila kugeuka. Tangu tuliporudi Kasulu hajanisemesha. Akitaka nipunguze suruali yake anamtuma Providence aseme, hata nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Neno lake la mwisho kwangu alilisema tulipokuwa tunashusha mizigo, baada ya kuninyang'anya dumu la mawese:

"Shemeji, chai ya asubuhi ilikuwa ya watu wanane. Ya kwangu alikunywa nani?"