Raketi ya bingwa kutoka Maskati ilivyoniharibia bibi harusi wa watu

Wakuu, salaam aleikum, na wasio wa salaam hamjambo. Leo nimekuja na hasira zangu, mnivumilie. Ni yaliyonipata mimi mwenyewe hapa Chaani, na wallahi sijaongeza chumvi, maana yalivyo yanatosha.

Mimi ni mchoraji hina. Harusi za Kisauni, Likoni, hata kisiwani, wananiita. Mkono wa kulia ndio duka langu.

Na ninacheza tenisi. Ndiyo, na buibui langu nalikunja vizuri pembeni. Tuko wanawake kadhaa, tunacheza asubuhi kwenye kile kiwanja cha zamani chenye nyufa, wawili kwa wawili. Mimi ni mtu wa mbele karibu na wavu. Sina nguvu za kupiga toka nyuma, ila mpira ukipita karibu yangu, umekwisha.

Raketi yangu ilikuwa ya mtumba. Nyepesi, kichwa kipana, mpini nimeuzungushia kitambaa. Haikuwa na sura lakini tulielewana.

Sasa ndipo shemeji yangu Sadiki, ndugu wa mume wangu, akarudi kutoka Maskati na zawadi. Raketi mpya, nyeusi, inang'aa. "Shemeji, hii ndiyo wachezeayo mabingwa wenyewe."

Nilipoishika tu nikajua. Nzito. Kichwa kidogo. Nyuzi zimekazwa mpaka ukizigonga zinalia. Mpini mnene, vidole vyangu havifiki kuuzunguka.

Nikamwambia mama mkwe pembeni, kwa adabu zote, kwamba naona ni nzito kwangu. Akanikata.

"Mwanangu, mtu atoka Maskati na kitu mkononi kwa ajili yako, nawe wamwambia kizito? Zawadi hairudishwi."

Mnaojua nyumba zetu mnajua. Zawadi hairudishwi, na kuikubali peke yake hakutoshi. Lazima uonekane unaitumia. Shemeji alikuwa akiulizia picha kwenye group la familia. Siku niliyotuma picha nimeshika ile ya mtumba, simu ilipigwa kwa mume wangu, sio kwangu. Eti nimemdharau.

Basi nikacheza na jiwe lile.

Mpira ukija kasi, raketi inachelewa. Nikichelewa naupiga pembeni ya nyuzi, mtikisiko wote unapanda hadi kiwikoni. Na kwa kuwa mpini mnene, naubana kwa nguvu nisije nikauangusha. Kiwiko kikaanza kuwaka, kikawa kinawaka hata nikipindua chapati.

Nikamwendea kocha wetu. Huyu ndiye aliyeniudhi kuliko wote, maana familia haijui tenisi, yeye ndiyo kazi yake. Akaipokea raketi, akaigeuzageuza, akapiga picha nayo (wallahi, akapiga picha nayo), kisha akaniambia:

"Raketi haina tatizo, dadangu. Utaizoea."

Utaizoea! Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Wiki hizo nikawa nimefunga kiwiko bandeji na nakunywa dawa za maumivu kama njugu. Ndipo ikaja harusi moja huko Bofu.

Bibi harusi amekaa, miguu imenyooshwa, wanawake wanaimba. Mkono wa kushoto nikamaliza, maua yamepanda mpaka karibu na kiwiko. Nilipoanza wa kulia, vidole vikakataa kubana koni ya hina. Mstari ukapinda. Nikafuta, nikachora tena, ukapinda tena.

Shangazi yake akasogea. "Kwani leo una nini, dadangu?"

Nyimbo zikafifia. Akaitwa mchoraji mwingine kumaliza, na mkono wake si wangu. Yule binti ameolewa na mikono isiyofanana, na picha zake zitabaki hivyo. Nililia njia nzima.

Nyumbani nikaambiwa nini? Nimechoka. Nipunguze kazi. Wengine wakasema ni jicho la hasidi. Raketi haikutajwa.

Jumamosi iliyofuata shemeji alikuja kiwanjani kunitazama. Nikamkabidhi ile raketi yake. "Shemeji, hebu nionyeshe mabingwa wanavyocheza." Mwanamume huyo, kifua mbele, alicheza asubuhi ile yote na kocha, akipiga kwa nguvu zake zote. Nikampigia makofi.

Kesho yake tuko kwenye mahamri na mbaazi, shemeji akanyoosha mkono wa kushoto sahanini.

Mama mkwe akaruka. "Astaghfirullah! Mkono wa kushoto, Sadiki? Mbele yangu?"

"Mama, wa kulia haufungi. Ile si raketi, ni mchi!"

Wakuu, nyumba nzima ikasimama. Mafuta ya karafuu yakaletwa, maji ya moto yakaletwa, mtoto wa watu akasuguliwa mkono. Mama mkwe akaniagiza niiondoe raketi ile isimuumize mtu tena.

Isimuumize mtu. Mimi nimekaa palepale na bandeji yangu.

Nimerudi kwenye ile ya mtumba. Kiwiko kinapoa taratibu, koni naishika, ila harusi kubwa bado naziogopa.

Kwa anayetaka kununua: kama ndio unaanza, au unacheza karibu na wavu kama mimi, tafuta nyepesi yenye kichwa kipana, na nyuzi zisikazwe sana. Ukiushika mpini, kidole cha mkono wa pili kipite kati ya ncha za vidole na kiganja, basi. Hizo nzito za kichwa kidogo waachie wenye nguvu na mazoezi ya miaka. Na ushike kabla hujanunua, usinunuliwe na mtu aliye Maskati.

Zawadi hairudishwi, sawa, nimeelewa. Lakini mkono huu nao nilipewa, na aliyenipa ni Mola, kabla ya shemeji. Mbona huo hakuna aliyeniambia niuheshimu?

Nanyi mliowahi kuambiwa "utaizoea", semeni hapa. Na kama kuna kocha humu, aje ajitetee.