Milio Mitatu ya Ligombo

Haya niliyaona mchana, saa saba kasoro robo, jua likiwaka. Sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai. Ukitaka usiniamini, lakini kinasa sauti ninacho mpaka leo.

Ilikuwa Mshangano, hapa Songea, nyumbani kwa rafiki yangu Osmund, mwalimu wa sekondari. Alikuwa akifufua wimbo wa kale wa Kingoni ambao babu yake, baba wa mama yake, aliyefariki Osmund hajazaliwa, aliupiga kwa ligombo, ubao wenye nyuzi na kibuyu chini yake. Ligombo alilikuta darini limevunjika, akaliunda upya. Wimbo wenyewe ulibaki kwenye kaseti moja tu. Mama yake, aliyelala mgonjwa chumba cha nyuma, alikuwa ameomba jambo moja: ausikie kabla hajafa.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kuandika. Kila mzunguko, kaseti ilinyamaza kwa mapigo matatu.

"Utepe umelika," Osmund akasema. Akatunga milio mitatu, akaziba pengo.

Lakini ndani ya ukimya ule nilisikia mguu wa mpigaji ukiendelea kugonga sakafu. Utepe ulioliwa unabakizaje mguu? Niliandika swali hilo daftarini, sikulisema. Kosa hilo ni langu.

Siku hiyo tulikuwa barazani tukirekodi, sote wawili tumekunja miguu mkekani. Alipomaliza tu kupiga ile milio yake mitatu, nikamwona mzee uani, amesimama katikati ya turubai la mahindi yaliyoanikwa. Alivaa koti zito la sufu, na kidole gumba cha kulia hakikuwa na ukucha.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba. We mjukuu, sogea. Umenikalia."

Osmund akacheka. "Mkeka wote huu, babu! Nimekukalia wapi?"

Mzee akanyoosha kidole kwenye nyuzi. "Hapo."

Niliinama kukagua kinasa. Nilipoinua macho, hayupo. Punje za mahindi zilikuwa zimelala sawasawa kama zilivyotandazwa asubuhi, bila alama hata ya kisigino.

Tukasikiliza rekodi. Wimbo upo. Shikamoo yetu ipo. Ile milio mitatu ya Osmund, ambayo niliona kwa macho yangu akiipiga, haipo. Mahali pake pana ukimya, na mguu unagonga. Mguu wa nani, wakati miguu yetu ilikuwa imekunjwa?

Tulikimbilia chumba cha nyuma. Nilipotaja kidole kisicho na ukucha, mama akafumba macho.

"Ni baba," akasema. "Anayerithi ligombo humwachia marehemu nafasi yake. Yeye alimwachia baba yake. Wewe, Osi, umemziba mdomo. Kalete, upige tena. Mwachie."

Osmund akalileta, akapiga, akaacha pengo. Mimi sikusikia chochote, naapa. Mama alisikia. Midomo yake ilifuata mlio mmoja, wa pili, wa tatu. "Huyo," akanong'ona, akatabasamu.

Tulimzika wiki ile ile.

Osmund bado anapiga. Ukucha wa kidole gumba chake cha kulia ulidondoka siku ya mazishi, bila jeraha wala maumivu, na haujaota tena.

Nawe unayefufua muziki wa watu wa kale, ukikuta mahali pamenyamaza, usiwe na haraka ya kupajaza. Tega sikio kwanza. Huenda kuna mguu unagonga.